Tabaka na Tofauti za Kipato Mtwara na Lindi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi wa maendeleo ya jamii, vijana wa kidato cha sita, wanachama wa AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima) na wazee wa vijiwe vya kahawa. Yanajirudia kila mwaka, hasa msimu wa korosho unapofunguliwa. Hesabu inayoanza na neno "tuseme" ni mfano tu wa kuelezea.

## Mambo ya msingi

1. Tabaka ni nini? Si ni kusema tu kuna matajiri na maskini?

Tajiri na maskini ni habari ya nani ana nini leo. Tabaka linauliza zaidi: amekipata kwa njia gani, kwa jasho la nani, na mwanawe atakipataje. Watu wawili wa Tandahimba wanaweza kuwa na shilingi milioni mbili kila mmoja mwezi wa kumi na moja. Mmoja kauza korosho za mikorosho yake. Mwenzake kauza shamba aliloachiwa na marehemu baba yake. Ukiwahesabia fedha siku hiyo, wako sawa. Rudi mwezi wa tatu: mmoja anakopesha, mwingine anazunguka kuomba kibarua cha palizi.

Kwa hiyo tabaka ni kundi la watu walio katika nafasi inayofanana ndani ya uchumi, na nafasi hiyo ina tabia ya kuwavuta watoto wao waifuate. Kwa huku kwetu nina njia yangu ya mkato ya kulitambua: angalia nani ana uwezo wa kusubiri. Kusubiri mnada, kusubiri bei ipande, kusubiri mtoto amalize chuo bila kumwambia arudi nyumbani. Nadharia karibu zote zilizo hapa chini zinaweza kusomwa kwa jicho hilo.

2. Umaskini, kukosekana kwa usawa na tabaka vinatofautianaje?

Umaskini unapimwa kwa mstari. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18 uliweka mstari wa mahitaji ya msingi kuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na asilimia 26.4 ya Watanzania wa Bara wakaonekana kuwa chini yake. Vijijini ilikuwa asilimia 31.3, mijini 15.8.

Kukosekana kwa usawa ni umbali kati ya wa juu na wa chini. Kipimo chake maarufu ni Gini: 0 maana yake wote wanalingana, 1 maana yake mmoja kachukua vyote. Tanzania iko takriban 0.4. Umaskini unaweza kupungua huku umbali ukiongezeka, na hapo mtu anakula vizuri kuliko zamani lakini bado anajiona kaachwa. Tabaka ndilo linaloeleza kwa nini umbali huo unajirudia kizazi hadi kizazi.

3. Wazungu wa karne ya 19, kama Karl Marx, wanajua nini kuhusu Newala?

Newala hawakuijua. Ila walikuwa wakitazama jambo ambalo Newala inalijua vizuri: zao linalolimwa na wengi, likauzwa mbali, na faida kubwa ikabaki kwa wachache walio katikati ya njia. Korosho ghafi zetu nyingi hupanda meli kwenda India na Vietnam kabla hazijabanguliwa. Waafrika na watu wenye asili ya Afrika nao waliwakosoa na kuwaongezea Wazungu hao. Tazama swali la 11 na la 12.

## Nadharia kuu

4. Karl Marx alisema nini, kwa kifupi?

Marx (1818–1883) alisema jamii ya kibepari imegawanyika kati ya wanaomiliki nyenzo za uzalishaji, yaani ardhi, viwanda na mitaji, na wasio na kitu cha kuuza isipokuwa nguvu zao. Mfanyakazi huzalisha thamani kubwa kuliko mshahara anaolipwa. Tofauti hiyo, thamani ya ziada, huenda kwa mwenye mali. Huo ndio unyonyaji, na kwake hauhitaji bosi awe mtu mbaya. Bosi mpole naye ananyonya, maana mfumo ndivyo ulivyo.

Alitofautisha pia kati ya kuwa katika tabaka na kulitambua tabaka lako. Watu elfu wanaweza kuwa na hali moja bila kujiona kuwa ni kundi moja.

5. Sasa mkulima wa korosho ni bepari au ni mfanyakazi?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na ndilo ninalopenda kulijibu. Mfanyakazi wa kiwandani ambaye Marx alimwona Uingereza hakuwa na kitu. Mkulima wa nyanda za juu za Makonde ana shamba, ana jembe, ana mikorosho aliyopanda babu yake. Kwa kumtazama juu juu ni mmiliki.

Lakini usisimame barabarani ukatazama kijiji kwa jumla. Ingia ndani wakati wa kuokota, uulize: nani anaokota za nani? Utawakuta watu wa aina tatu. Wa kwanza ana mikorosho ya kutosha kuajiri vibarua wa palizi, wa kupulizia salfa (dawa ya ugonjwa wa mikorosho) na wa kuokota. Mashine ya kupulizia ni yake na huwakodisha wengine. Wa pili ana mikorosho inayotosha mikono ya familia yake: haajiri, haajiriwi, na akipata mwaka mbaya anateleza. Wa tatu ana mikorosho michache iliyozeeka, au hana kabisa, na wakati korosho zake mwenyewe zinaanguka chini yeye yuko shambani kwa mtu kwa sababu anahitaji hela ya leo.

Wafuasi wa Marx, Lenin mmojawapo, waliwaita mkulima tajiri, wa kati na maskini. Huyu wa tatu ni mfanyakazi anayelala kwenye shamba lake. Kuna pia walioweka mikorosho rehani: mti ni wao, kila mtu kijijini anajua ni wao, ila mavuno ya misimu kadhaa ni ya aliyewakopesha. Ukihesabu wamiliki kwa daftari, utawaweka pamoja na wa kwanza.

6. Kangomba ni unyonyaji?

Kangomba ni kununua korosho kwa mkulima kabla ya msimu, kwa bei ya chini na nje ya mnada. Kwa lugha ya kawaida, ndiyo, ni unyonyaji. Kwa lugha ya Marx kuna mjadala, na mjadala wenyewe una faida.

Chukua mfano. Mwezi wa pili ghala la nyumbani limekwisha, mahindi mapya bado, mtoto anadaiwa sare. Mama anamfuata mwenye duka. Tuseme anapewa unga na fedha taslimu kwa hesabu ya shilingi 1,000 kwa kila kilo ya korosho atakayoleta mwezi wa kumi. Tuseme mnada unatoa 3,500, na baada ya makato mkulima angebaki na 3,000. Kwa kilo 100 amepokea laki moja, amekosa laki mbili. Miezi minane. Na siku ya kulipa, kipimo ni bakuli linalojazwa lumbesa, kwa hiyo kilo 100 za mdomo ni zaidi ya 100 za mizani.

Anayesema si unyonyaji kwa maana ya Marx husema hivi: hapa hakuna mwajiri wala mshahara, kuna mkopo na biashara. Anayesema ni unyonyaji hujibu kwamba jasho la mama limekwenda kwa mtu ambaye hakushika jembe, na jina la mkataba halibadilishi kitu. Mimi niko na huyu wa pili, kwa tahadhari moja. Mnunuzi wa kangomba mara nyingi ni jirani, na nyuma yake yuko mwenye mtaji mkubwa aliyempa fedha. Msako ukija, anayekamatwa ni jirani.

Novemba 2018, baada ya wanunuzi kutoa bei ndogo, Serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Wenye zaidi ya kilo 1,500 walihakikiwa mashamba kwanza, ili wa kangomba wajulikane. Ilikuwa njia ya kuchora mpaka wa tabaka kwa mizani, na ilionyesha ugumu wake: mkulima mkubwa halali na mchuuzi wa kangomba wote wana kilo nyingi. Kuhusu kwa nini marufuku peke yake haiuwi kangomba, rudi kwenye wazo la kusubiri, swali la 1. Njaa ya mwezi wa pili haisomi waraka.

7. Max Weber anamzidi nini Marx?

Weber (1864–1920) alikubali kwamba mali ni muhimu, akasema haitoshi. Kuna mambo matatu yanayoweza kwenda pamoja au kuachana: nafasi ya kiuchumi sokoni, hadhi mbele za watu, na nguvu ya kuamua mambo kupitia vyama na vyombo.

Tembea Mikindani utayaona yakiachana. Shehe anayeheshimiwa, anayetangulizwa kwenye kila shughuli, anaweza kuwa na nyumba ya makuti. Mfanyabiashara mwenye malori mawili anaweza kukosa mtu wa kumpa binti. Na kiongozi wa AMCOS, ambaye si tajiri wala si mtu wa ukoo mkubwa, ndiye anayeshika kalamu ya orodha ya malipo, kwa hiyo wote wawili wanamsalimia kwanza.

Weber alizungumzia pia nafasi za maisha: uwezekano wa mtu kusoma, kutibiwa, kuishi muda mrefu. Tabaka kwake ni watu wenye nafasi za maisha zinazofanana sokoni. Ukiwa na akiba, soko linakusikiliza. Ukiwa huna, unalikimbilia likiwa limeshafunga mlango.

8. Nimesoma kwamba tofauti za kipato zina faida kwa jamii. Ni kweli?

Hiyo ni hoja ya Kingsley Davis na Wilbert Moore, Wamarekani, ya mwaka 1945. Walisema kazi nyeti zinahitaji watu wenye vipaji na mafunzo marefu, kwa hiyo lazima zilipwe zaidi ili watu wajitume. Melvin Tumin aliwajibu mwaka 1953: utajuaje wenye vipaji ni kina nani wakati watoto wa maskini hawajapimwa? Na nani kasema kazi inayolipa sana ndiyo muhimu sana?

Kabla hujaamua, kaa kidogo na akina mama wanaobangua kwa mkono. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayochubua ngozi, kwa hiyo wanajipaka majivu vidoleni kabla ya kuanza, na bado kucha zinageuka nyeusi. Pigo likiwa dogo ganda halifunguki. Likizidi kidogo kiini kinapasuka, na kilichopasuka kina bei ya chini. Kilo nne hadi tano za korosho ghafi hutoa kilo moja hivi ya viini safi. Anayejua kutoa nzima nyingi amejifunza kwa miaka. Malipo yake ni kwa kilo, na ndiye wa mwisho kwenye mnyororo. Ukisema analipwa kidogo kwa sababu kazi yake si muhimu au haina ujuzi, jaribu kubangua kilo moja.

9. Mitaji ya Bourdieu ni ipi?

Pierre Bourdieu (1930–2002), Mfaransa, alisema fedha ni mtaji mmoja tu. Kuna mtaji wa utamaduni, yaani elimu, lugha, namna ya kujieleza. Kuna mtaji wa mahusiano, yaani watu unaoweza kuwapigia simu. Mtaji mmoja hugeuzwa kuwa mwingine.

Vijana wawili wa Lindi wana ufaulu uleule wa kidato cha sita. Mmoja ana shangazi Dar es Salaam anayejua kwamba maombi ya mkopo wa elimu ya juu yanataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, na kwamba uhakiki unachukua muda. Mwingine anajua hivyo dirisha likiwa limebaki siku nne, na cheti hana. Hakuna aliyemnyima. Hakuna aliyempendelea mwenzake. Mwaka mmoja unapita, na kijijini wanasema "huyu hakuwa na bahati".

Lafudhi nayo ni mtaji. Kijana wa Kimakonde anayechekwa akiongea ofisini analipa kodi ambayo haimo kwenye sheria yoyote.

## Historia ya Kusini

10. Je, matabaka yaliletwa na wakoloni?

Hapana, wakoloni waliyakuta na wakayapanga upya. Kilwa Kivinje, Lindi na Mikindani zilikuwa vituo vya misafara ya karne ya 19 iliyoleta pembe na watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Mjini kulikuwa na waungwana na kulikuwa na watumwa, na kati yao ngazi nyingi za watu waliokuwa wakipigania kusogea juu kwa mavazi, dini na ndoa. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Sheria ilifuta umiliki wa mtu. Hadhi (swali la 7) haikufutika siku hiyo, na kwenye posa za ndoa maswali ya "wale ni watu wa wapi" yaliendelea muda mrefu.

Huko Masasi wamisionari wa Kianglikana walifungua kituo mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Angalia mzunguko huo: waliokuwa chini kabisa pwani wakawa miongoni mwa wa kwanza kugusa shule.

11. Si Azimio la Arusha lilifuta matabaka?

Azimio la mwaka 1967 lilitaka nchi ya wakulima na wafanyakazi, na likawakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, hisa kwenye makampuni au nyumba za kupangisha. Njia kuu za uchumi zikawa mali ya umma. Lilizuia tabaka la mabepari wazalendo lisikue haraka, na hilo si dogo.

Lakini miaka ya 1970 Issa Shivji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alihoji: kama mali ni ya umma, nani anaiamulia kila siku? Jibu lake lilikuwa kwamba walioshika vyombo vya dola na mashirika walikuwa wamegeuka tabaka lenyewe. Mkulima wa korosho alilihisi hilo bila kulisoma. Aliuza kwa chombo kimoja kwa bei iliyopangwa mbali, na operesheni ya vijiji ikawahamisha wengi kwenda mbali na miti yao. Uvunaji wa korosho nchini ulishuka kutoka tani zipatazo 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya 20,000 msimu wa 1986/87. Ugonjwa wa ubwiriunga ulichangia, bei ndogo ikachangia, miti kuachwa porini ikachangia. Masharti ya uongozi yalilegezwa na Azimio la Zanzibar mwaka 1991.

12. Kwa nini Kusini ilibaki nyuma? Au ni kweli tunavyosemwa, kwamba watu wake ni wavivu?

Anayesema wavivu hajawahi kupulizia salfa alfajiri. Tuiache hiyo.

Walter Rodney, Mguyana aliyefundisha Dar es Salaam, alikuwa miongoni mwa waliotetea nadharia ya utegemezi: maeneo ya pembezoni hayakusahauliwa na uchumi wa dunia, yaliingizwa humo kwa masharti mabaya. Kusini inaifaa nadharia hiyo mno. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga, Nachingwea ikiwa mojawapo ya maeneo yake, ukafutwa mwaka 1951. Kwa ajili yake ilijengwa reli kutoka Mtwara na bandari yenye kina. Mradi ulipokufa, reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kisha vita vya ukombozi vya Msumbiji, 1964 hadi 1974, vikaufanya mpaka wa Ruvuma kuwa eneo la hatari. Daraja la Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla yake, mvua za masika zilikuwa zikiitenga mikoa hii na sehemu nyingine za nchi.

Hata hivyo nadharia ya utegemezi ina upofu wake: inawalaza watu wote wa Kusini kwenye kitanda kimoja, wakati swali la 5 limeonyesha kuwa ndani ya kijiji kimoja wamo watatu tofauti.

13. Vurugu za gesi za 2013 zilikuwa mapambano ya kitabaka?

Nusu. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982. Ilipoamuliwa ipelekwe Dar es Salaam kwa bomba, Mtwara ilisema "gesi haitoki", na Januari na Mei 2013 kukawa na ghasia na watu wakapoteza maisha.

Nadharia inayosaidia hapa ni ya kunyimwa kwa kulinganisha: watu hukasirika zaidi pale matumaini yanapopanda haraka kuliko hali. Mji ulikuwa umejaa wageni, nyumba za kulala wageni zinaota, viwanja vinapanda bei. Waliojua mapema walinunua viwanja. Waliouza waliuza mapema mno, na wapangaji wakaongezewa kodi. Kwenye maandamano mwenye nyumba na mpangaji wake walisimama pamoja kwa jina la mkoa. Marx angesema jina la mkoa lilifunika tabaka. Weber angesema mkoa nao ni kundi la kweli, lina heshima yake ya kudai. Nadhani wote wawili wangekuwa sahihi.

## Maisha ya kila siku

14. Je, watu wanabaki maskini kwa sababu ya kumaliza hela kwenye ngoma na unyago?

Swali hili huulizwa zaidi na watumishi wageni. Kuna wazo la zamani la Oscar Lewis, mwanaanthropolojia Mmarekani, kwamba maskini hujenga utamaduni unaowafunga kwenye umaskini. Limekosolewa sana, kwa sababu linageuza matokeo kuwa chanzo.

Émile Durkheim (1858–1917), mwanasosholojia Mfaransa, angetazama jando na unyago akaona kinachoshikamanisha watu. Mhasibu angeona bima: uliyemchangia msimu huu ndiye atakayekupa debe la mahindi mwezi wa pili, na huyo ni bora kuliko wa kangomba. Lakini nisipambe. Siku hizi shughuli nyingine zina muziki wa kukodi, sare za kitambaa kimoja na magari, na asiyeweza hujikuta anauza kilo zake mapema ili asiaibike. Thorstein Veblen aliandika mwaka 1899 kuhusu matumizi ya kujionyesha, akiwalenga matajiri wa Marekani. Tandahimba msimu ukiwa mzuri asingehitaji mkalimani.

15. Huku ukoo unafuata mama. Basi wanawake wana hali nzuri zaidi?

Kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, ukoo kwa desturi unafuata upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa. Hilo liliwapa wanawake wengi mahali pa kurudi ndoa ikivunjika. Mikorosho ikaleta hesabu mpya. Ni mti wa miaka mingi; mwanaume aliyeupanda hutaka umfae mwanawe, si mpwa wake. Mgogoro kati ya watoto na wapwa wa marehemu ni wa kawaida barazani.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya ardhi. Tatizo huanzia mahali padogo kuliko ardhi: mama ameokota, ameanika, amebeba hadi ghala la AMCOS, na malipo yameingia kwenye akaunti yenye jina la mume. Kimberlé Crenshaw, mwanasheria Mmarekani, mwaka 1989 aliwaelekeza wataalamu waangalie vikwazo vinapokutana kwa mtu mmoja. Mjane maskini hapati shida ya mjane ukijumlisha shida ya maskini. Anapata shida yake ya peke yake.

16. Elimu bila ada si imeshafuta tofauti?

Imepunguza kikwazo kimoja kikubwa. Tangu 2016 ada imefutwa hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafutwa kidato cha tano na sita. Sare, daftari, chakula cha mchana na nauli vimebaki, na mtoto anayehitajika kuokota korosho bado anahitajika. Kwa sehemu iliyobaki, tazama swali la 9.

Watu hunitajia Benjamin Mkapa: alizaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938, akasoma Makerere, akawa rais kuanzia 1995 hadi 2005. Ni kweli, na ni jambo la kujivunia. Sosholojia inauliza waliozaliwa Lupaso mwaka ule walikuwa wangapi.

## Mambo yenye utata

17. Mhitimu wa chuo anayeendesha bodaboda yuko tabaka gani?

Kwa Marx, uliza pikipiki ni ya nani. Kama ni ya mtu na jioni anapeleka hesabu, ananyonywa kama kibarua mwingine, shahada au hakuna. Kwa Weber, hadhi yake na kipato chake vimeachana, na watu wa namna hiyo huwa na manung'uniko makubwa kuliko walio chini kwa yote mawili. Kwa Bourdieu ana mtaji uliokosa soko, ila haujafa: kazi ikitangazwa, yeye ndiye atakayejua kuandika barua.

18. Mtumishi wa umma mwenye mshahara ni tabaka la kati?

Mwaka 2011 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliwahesabu wenye matumizi ya dola 2 hadi 20 kwa siku kuwa tabaka la kati, na theluthi hivi ya Waafrika wakaingia. Kipimo cha dola 2 kinamwita wa kati mtu ambaye homa moja inamrudisha chini. Mwalimu wa Nanyumbu aliyekatwa mikopo hadi theluthi ya mshahara tu ndiyo inayobaki ana kipato kidogo mkononi, lakini ana kitu ambacho mkulima hana: benki inamwamini kabla hajavuna.

19. Kaka yangu ni mmachinga Kariakoo, shamba lake liko Newala, mkewe ni kibarua. Nimweke wapi?

Usimweke yeye, weka kaya. Familia nyingi za Kusini zinasimama kwenye nafasi mbili tatu kwa wakati mmoja, na hiyo ndiyo mbinu yao. Fedha ya Kariakoo ikifika mwezi wa pili, mikorosho inaepuka kangomba. Isipofika, kaya nzima inashuka hata kama kaka ana meza nzuri.

20. Riziki hugawa Mungu. Nadharia hizi si zinapinga dini?

Hazina uwezo wa kusema Mungu kampa nani nini. Zinachunguza kilichotokea riziki ilipofika mikononi mwa watu: nani alipima, nani alikata, nani aliandika. Uislamu na Ukristo vyote vina maneno makali juu ya mizani ya udanganyifu, kwa hiyo wenye imani wasione kwamba swali la lumbesa ni la wasomi peke yao.

21. Natakiwa kufanya utafiti wa matabaka kijijini kwetu. Nianzie wapi?

Usiende Desemba. Kila mtu ana hela, na utaandika kijiji ambacho hakipo. Nenda Februari au Machi. Usiulize kipato kwanza, maana utapewa uongo wa heshima. Uliza nani alimpulizia nani, mashine ilikuwa ya nani, mikorosho iliyo rehani ni mingapi, na ukikwama usiku unagonga mlango wa nani. Majina ya milango hiyo yakijirudia, umeshapata wa kwanza wa swali la 5. Wahoji wanawake peke yao, na vibarua mbali na mwenye shamba. Majina ya watu yasiingie kwenye ripoti.

Barua ya utambulisho inatoka chuoni, inapitia halmashauri, inakwenda kwa mtendaji wa kata na wa kijiji. Toa nakala za kutosha, kwa sababu kila ofisi utakayopita itabaki na yake.